Bahasha ya Northampton: kujibu madai ya bili mahakamani Uingereza

Wengi wanaoshindwa kesi za bili za nyumbani Uingereza hawazidiwi hoja. Wanashindwa kwa sababu hawakujibu kabisa, au walijibu kwa kumwaga shida zao kwenye fomu iliyokuwa inauliza habari za mita. Kampuni za umeme, maji na simu hufungua madai kwa mkupuo, na kwa kawaida mdaiwa akikaa kimya hakuna hakimu anayepima ushahidi. Karani anathibitisha kwamba muda umepita, mdai anaomba, hukumu inatoka. Bili ingekuwa ya uongo mtupu, hukumu ingetoka vilevile.

Haya yanahusu England na Wales tu. Scotland na Ireland Kaskazini zina mahakama na fomu zao, kwa hiyo aliye Glasgow asiyafuate.

Ujue umeshika barua gani

Barua za wakusanya madeni zenye maandishi mekundu si barua za mahakama, hata zikitaja neno mahakama mara kumi. Hazikuwekei muda wowote wa kisheria. Inayofuata kwa uzito ni barua ya madai ya kabla ya kesi. Tangu Oktoba 2017, kampuni inayomdai mtu binafsi inapaswa kuituma kwanza, ikiwa na fomu ya majibu na karatasi ya mapato na matumizi, na kukupa siku 30. Ndani ya fomu ile kuna mahali pa kuomba nyaraka: bili zote, rekodi ya malipo, mkataba. Ukiziomba, mdai anatakiwa asikimbilie mahakamani mpaka siku 30 zipite tangu akupe ulichoomba. Watu huitupa barua hii kwa kuwa inafanana na zile nyekundu, nao wanapoteza nafasi ya kuona hesabu ya mdai bila kulipa hata peni.

Ya tatu ndiyo hati ya madai yenyewe. Kwa madai ya fedha yanayofunguliwa kwa wingi au mtandaoni hutoka kwenye kituo cha mahakama kilichoko Northampton, hata kama wewe unaishi Leicester au Barking. Ina namba ya shauri, tarehe ya kutolewa, jina la mdai, kiasi kinachodaiwa, ada ya mahakama na gharama ya wakili. Maelezo ya madai mara nyingi ni mistari michache tu, kwa sababu mfumo wa mtandaoni unampa mdai herufi 1,080 za kueleza kisa chake chote. Usifikiri ufupi ule ni dalili kwamba ni utapeli. Ukiwa na shaka, itafute mwenyewe namba ya simu ya mahakama kwenye tovuti ya serikali, kisha uwatajie namba ya shauri. Usipige namba uliyotumiwa kwa meseji.

Council tax, yaani kodi ya halmashauri, haipiti njia hii. Hiyo huenda mahakama ya mahakimu wa chini, ina amri yake na hatua zake, na fomu zinazozungumzwa hapa hazifanyi kazi kule. Wengi huchanganya kwa kuwa bahasha zote mbili zina nembo ya ufalme.

Hesabu ya siku

Tazama tarehe ya kutolewa. Siyo siku uliyofungua bahasha, wala siku posta walipoileta. Sheria inachukulia kuwa hati ya Northampton imekufikia siku ya tano baada ya tarehe hiyo, na kutoka hapo una siku 14. Tuseme imetolewa tarehe 3 Machi: inahesabika kukufikia tarehe 8, na mwisho wa kujibu ni tarehe 22 Machi. Ukiwasilisha tu taarifa kwamba umeipokea na unakusudia kujitetea, siku 14 zinakuwa 28, na mwisho wa kuleta utetezi unasogea hadi tarehe 5 Aprili. Nyongeza hiyo ni bure na haikufungi kwa hoja yoyote. Kwa anayebisha bili, hakuna sababu ya kuiacha.

Ukiijaza mtandaoni kwa nywila iliyo kwenye hati, kuna mitego miwili. Weka alama kwenye kujitetea dhidi ya madai yote, au sehemu ikiwa ni sehemu. Usiguse kile kisanduku cha kupinga mamlaka ya mahakama. Hicho ni cha mtu anayesema mahakama za England hazina haki ya kusikiliza kesi yake, na ukikichagua unajitwisha ombi jingine lenye muda wake. Mtego wa pili: ukimaliza taarifa ya kupokea, usiingie kwenye ukurasa wa utetezi ukaandika sentensi mbili tatu za haraka na kubonyeza kutuma. Sentensi zile ndizo zinakuwa utetezi wako, na kuzibadilisha baadaye ni kazi ya maombi na ada.

Anayetumia karatasi achukue risiti ya posta. Ile risiti ya bure ya kaunta inatosha, nayo ndiyo itakayomwokoa mahakama ikisema haikupata kitu.

Mtego mwingine unawanasa hasa watu waungwana. Hati imefika, mdaiwa anapiga simu kwenye kampuni, mhudumu anakubali £20 kwa mwezi, mambo yameisha kwa heri na asante. Mezani kwa mhudumu yameisha, lakini mahakamani kesi ipo palepale na saa inatembea. Wakili wa kampuni, ambaye huenda hata hajui habari ya simu hiyo, anaomba hukumu siku ya ishirini. Makubaliano yoyote baada ya hati kutolewa yawe kwa maandishi, yataje namba ya shauri, na yaseme wazi kwamba mdai ataiondoa kesi au kuisimamisha. Kabla ya maandishi hayo kufika, jibu kana kwamba simu haikupigwa.

Shida ya pesa si utetezi

Katika bahasha kuna fomu ya kukiri, N9A, na fomu ya utetezi, N9B. Habari za kupunguziwa saa za kazi, mtoto mgonjwa, pesa za Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) kuchelewa, zina nafasi yake kwenye N9A, na huko zina nguvu kweli. Kwenye N9B hazina nguvu hata kidogo. Anayeandika kwenye N9B kwamba amefiwa na hana uwezo wa kulipa amekiri deni bila kujua, na papo hapo amepoteza nafasi ya kupanga awamu kwa utaratibu wa N9A.

Kama bili ni halali na kiasi ni sahihi, N9A ndiyo yako. Inauliza mapato, kodi ya pango, chakula, nauli, madeni mengine, kisha unapendekeza kiasi cha kila mwezi. Jaza hesabu za kweli, pamoja na pesa unazotuma nyumbani. Watu huzificha kwa aibu, halafu mwezi wa pili wanashindwa awamu waliyopanga wenyewe. Ukikiri deni lote, fomu hiyo inakwenda kwa mdai, kwenye anwani iliyoandikwa kwenye hati, siyo mahakamani. Mdai akikataa awamu yako, mahakama inapanga kiasi, na usiporidhika una siku 14 za kuomba kiasi hicho kipitiwe upya.

Kukubaliwa awamu hakuzuii hukumu kuandikwa. Hukumu hiyo, inayoitwa CCJ, yaani hukumu ya mahakama ya kaunti, inaingia kwenye rejesta ya hukumu na kukaa miaka 6, na mwenye nyumba au kampuni ya simu wataiona wakikuchunguza. Inafutwa kabisa ikiwa deni lote limelipwa ndani ya mwezi mmoja tangu hukumu. Ukimaliza baada ya hapo inabaki, ila na alama kwamba deni limelipwa. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kukusanya pesa kwa ndugu afanye hivyo mapema: kulipa kiasi chote pamoja na ada kabla ya muda wa kujibu kuisha, na kupata uthibitisho wa mdai kwa maandishi, kunaimaliza kesi bila CCJ.

Upo pia utaratibu wa Breathing Space, siku 60 za kupumua ambazo hupatikana kupitia mshauri wa madeni. Unazuia riba na hatua za kukusanya deni, lakini kesi iliyokwisha kufunguliwa inaweza kuendelea hadi hukumu. Uliye ndani ya Breathing Space bado unatakiwa kujibu hati.

Kuipekua bili

Anayebisha aanze na tarehe, kisha mita, kisha pesa. Chukua mkataba wa pango na uandike siku uliyoingia na siku uliyotoka. Linganisha na kipindi kinachodaiwa. Katika nyumba zetu za kupanga chumba chumba, jina moja linaandikwa kwenye bili, watu watano wanatumia, wawili wanahama, na aliyeandikwa ndiye anayefuatwa hata kama yuko Coventry mwaka wa pili. Anayehama asipotoa namba za mita siku ya kutoka, kampuni inakadiria, na makadirio kwa kawaida hayamwonei huruma aliyeondoka.

Tuchukue bili ya umeme ya £1,625.24, kuanzia 1 Januari 2023 hadi 9 Aprili 2024. Bili inaanza na 38,290 yenye herufi E pembeni, maana yake makadirio, na kuishia 43,110 iliyosomwa kweli. Ni yuniti 4,820. Kwa peni 27 kila yuniti zinakuwa £1,301.40, na malipo ya kila siku ya peni 53 kwa siku 465 ni £246.45, jumla £1,547.85, ukiongeza VAT ya asilimia 5 unafika £1,625.24. Sasa mpangaji anaonyesha mkataba: aliingia 10 Agosti 2023, na ripoti ya wakala wa nyumba ya siku hiyo ina picha ya mita ikisoma 41,870. Zake ni yuniti 1,240 tu, yaani £334.80. Siku zake ni 244, yaani £129.32. Pamoja na VAT anadaiwa £487.33. Zilizobaki, £1,137.91, ni za mtu mwingine.

Hesabu hiyo, kwenye karatasi moja pamoja na picha ya mita, ina nguvu kuliko kurasa sita za malalamiko kuhusu huduma mbovu. Huyu anakiri sehemu na kubisha sehemu: anajaza N9A kwa £487.33 na N9B kwa zilizobaki, na safari hii zote mbili zinakwenda mahakamani.

Kwenye magorofa angalia pia namba ya mita yenyewe, ile iliyochapwa kwenye kifaa, kama ndiyo iliyo kwenye bili. Mita zilizopangwa kwenye kabati moja chini ya ngazi huchanganywa. Zima swichi kuu ya ndani kwako, shuka ukaitazame mita inayodaiwa kuwa yako kwa dakika kumi huku jirani anapika. Ikiendelea kuhesabu, umempata mlaji. Piga video inayoonyesha namba ya mita na tarakimu zikibadilika.

Kwa gesi na umeme ipo kanuni ya miezi 12: ikiwa kosa ni la kampuni kwamba haikukutoza ipasavyo, haiwezi kukurudia kwa nishati uliyotumia zaidi ya mwaka mmoja kabla ya bili hiyo. Kanuni haimsaidii aliyemzuia msoma mita au aliyepuuza bili zilizokuwa zinafika. Maji hayana kanuni hiyo, ila kampuni ya maji hairuhusiwi kukata maji ya nyumba ya kuishi kwa ajili ya deni, kwa hiyo anayekutishia hivyo kwenye simu anasema asilolijua au anakutisha tu.

Kuna deni lililozeeka. Kwa kawaida madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6, chini ya sheria ya ukomo ya mwaka 1980, lakini hakimu hataileta hoja hiyo kwa niaba yako. Lazima uiandike mwenyewe. Kabla ya miaka 6 kutimia, malipo ya £5 au barua inayokiri deni huanzisha hesabu upya. Ndiyo maana wakusanya madeni hupenda sana kuomba kitu kidogo tu cha kuonyesha nia njema.

Halafu majina. Juma Ali Hassan anakuwa Mr Hassan kwa kampuni moja na Mr Ali kwa nyingine. Kugeuzwa kwa jina peke yake si utetezi, maana hakimu atauliza kama uliishi pale na kutumia umeme. Lakini kwenye nyumba yenye Hassan wawili, baba na mtoto au watu baki kabisa, tarehe za kuzaliwa na mikataba ya pango ziletwe mapema.

Kuandika utetezi

Utetezi uandikwe kwa Kiingereza, au Kiwelisi kwa mahakama za Wales. Andika kwa aya zenye namba. Kwa kila dai la mdai sema moja kati ya matatu: unakubali, unakataa na kwa nini, au hujui na unamtaka athibitishe. Unachokiacha bila kukigusa unaweza kuhesabiwa umekikubali. Aya zinaweza kuwa kama hizi: mdaiwa anakubali kwamba aliishi kwenye nyumba hiyo tangu 10 Agosti 2023. Mdaiwa anakataa kudaiwa nishati ya kabla ya tarehe hiyo, kwa kuwa hakuwa mkaaji. Mdaiwa anamtaka mdai athibitishe usomaji wa 38,290, ambao kwa mujibu wa bili yake mwenyewe ni makadirio. Mwisho kuna tamko la ukweli na sahihi. Uongo chini ya tamko lile unaweza kukupeleka kwenye kosa la kuidharau mahakama, kwa hiyo usimwachie binamu aliyebobea kwa Kiingereza akuandikie usichokijua. Na mtoto wa miaka 12 asifanywe mkalimani wa hati ya mahakama, hata kama ndiye anayesoma barua zote nyumbani. Mashirika ya ushauri ya Citizens Advice, National Debtline na StepChange husaidia bure. Uwafikie na hati yenyewe mkononi, siyo masimulizi yake.

Kujitetea hakuna ada. Kudai fidia kutoka kwa kampuni ndani ya kesi hiyohiyo, madai kinzani, kuna ada, na kwa bili ndogo mara nyingi hakulipi.

Baada ya utetezi, mdai ana siku 28 za kusema kama anaendelea. Asiposema, kesi inasimamishwa. Akiendelea, utaletewa fomu N180, ya maswali ya kuipangia kesi hatua zake. Madai yasiyozidi £10,000 kwa kawaida huingia kwenye njia ya madai madogo, ambako aliyeshindwa halipishwi gharama kamili za wakili wa mwenzake isipokuwa amefanya mambo ya ovyo. N180 inauliza kama utahitaji mkalimani: jibu ndiyo kama unamhitaji, usione haya. Tangu 22 Mei 2024 usuluhishi kwa simu ni wa lazima kwa madai madogo ya fedha. Ni saa moja, bure, na msuluhishi anazungumza na kila upande peke yake. Ukitega simu ile, mahakama inaweza kukuadhibu. Kaa nayo ukiwa na kile kikaratasi cha £487.33 na kiwango cha juu ambacho hutapita. Kesi nyingi za mita zinapaswa kuishia hapo, maana ni mara ya kwanza mtu wa upande wa mdai kutazama namba zako.

Hukumu ikishatoka bila wewe kujua

Hili linawapata waliohama, na waliokuwa Mombasa au Unguja miezi miwili wakati hati inafika. Hati iliyopelekwa anwani ya mwisho inayojulikana inaweza kuwa halali hata kama hukuiona. Ombi la kuitengua hukumu ni fomu N244, na ada yake imepita £300. Mwenye kipato kidogo ajaze na EX160 ya kuomba msaada wa ada. Hakimu anaangalia hasa mambo mawili: ulichukua hatua haraka kiasi gani tangu ulipojua, na kama una utetezi wenye matumaini ya kushinda. Kusema hukupata barua hakutoshi peke yake ikiwa hati ilipelekwa kihalali. Ambatisha rasimu ya utetezi, ushahidi wa anwani mpya, na tiketi au mihuri ya pasipoti.

Kama huna utetezi ila hukumu inataka ulipe yote kwa mpigo, usiguse N244. Tumia N245, ambayo ada yake ni ndogo sana, kuomba awamu na kusimamisha hati ya dalali wa mahakama. Dalali anayefuatilia CCJ ya bili hana ruhusa ya kuvunja mlango wa nyumba unayoishi ili aingie mara ya kwanza. Zungumza naye mlango ukiwa umefungwa, chukua namba ya hati, na N245 iende siku hiyohiyo.